HOFU YA MCHEZO NA HOFU YA KWELI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Siku hizi vijana wetu wa Butembo na Beni wanapenda michezo ya video ya kutisha. Pengine nawe, ukitoka kazini, unacheza pamoja nao. Kupumzisha kichwa si kosa. Lakini jiulize: mchezo huo unakufundisha nini juu ya hatari?

Tuchukue mfano wa Resident Evil, uliotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Capcom ya Japani. Unaingia katika jumba kubwa msituni. Watu wa humo wamekuwa wafu wanaotembea, kwa sababu ya virusi vilivyotoka katika maabara ya siri. Risasi ni chache. Hata kuhifadhi mahali ulipofika kunataka utepe wa wino, nao ni haba. Mlango unafunguka polepole, nawe hujui kilicho nyuma yake.

Hapo moyo wako unapiga mbio, mikono inatoka jasho, pumzi inakuwa fupi. Akili inajua kuwa ni picha tu, lakini mwili unajitayarisha kama umekutana na chui. Ukicheza hivyo mpaka usiku mwingi, usingizi unakawia kuja, na asubuhi unashuka shimoni na macho mazito. Macho mazito hayaoni jiwe lililolegea. Kama una zamu ya asubuhi, zima mashine mapema. Tena, mchezo huu haukutengenezewa watoto: usiwaache wautazame.

Mchezo una mafunzo mema: kuhesabu ulicho nacho, kutazama kabla ya kuingia, kukumbuka njia ya kutokea. Hayo yafuate kazini pia. Lakini una mafunzo matatu ya uongo, na watu wa Beni na Butembo wanayajua vizuri kuliko mtu yeyote.

La kwanza: ukikimbia na kujificha, utapona. Ebola ilipotangazwa huko Mangina tarehe 1 Agosti 2018, wengi waliogopa, wakaficha wagonjwa au wakahama na homa mwilini. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Ugonjwa ulifuata waliokimbia, ukaingia katika nyumba zilizowapokea. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

La pili: majani yataponya. Katika mchezo unatafuna majani ya kijani, nawe mzima tena. Majani hayatibu Ebola. Tangu Novemba 2018, dawa 4 zilijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Mbili zilishinda nyingine. Kati ya wagonjwa waliofika virusi vikiwa bado vichache damuni, wakapewa mojawapo ya hizo mbili, karibu 9 katika 10 walipona. Kila siku ya kungojea nyumbani ilipunguza nafasi ya kupona.

La tatu: mgonjwa ni adui. Katika mchezo, aliyeambukizwa hupigwa risasi. Kwetu alikuwa mama, jirani, mwenzi wa kazi. Waliopona Ebola walirudi karibu na vituo hivyo kuwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wakitibiwa. Kama kuna mashujaa katika habari hii, ndio hao.

Kwa hiyo, ndugu, cheza ukitaka, lakini ujue mpaka wa mchezo. Ukipata homa kali, kutapika au kuharisha, usijifiche: nenda hospitali upesi. Kama uligusana na mgonjwa wa Ebola, kubali kufuatwa kwa siku zote 21, na ukipewa chanjo, ipokee. Kifo kikitokea, waachie mazishi wale waliofundishwa. Nawa mikono kila mara.

Shimoni ni vilevile. Ukiona ufa katika mwamba, ukisikia harufu ngeni, ukiumia hata kidogo, mwambie kapita siku hiyo hiyo. Katika mchezo ukifa unaanza tena. Kazini na nyumbani, jamaa yako inakungojea mara moja tu.

HATARI ISIFICHWE. ISEMWE MAPEMA.