Bango la Maji la Max Yasgur

Agosti 1969, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aitwaye Max Yasgur alipata habari iliyomkera: baadhi ya majirani zake walikuwa wakiwauzia maji vijana waliofurika Bethel, jimbo la New York. Hakuelewa mtu anawezaje kumtoza fedha mwenye kiu. Akaweka bango kubwa ghalani kwake: maji ni bure.

Nikiulizwa tamasha la Woodstock lilituachia nini, huanzia kwenye bango hilo.

Wengi huanzia kwenye gitaa, na wana haki. Asubuhi ya Jumatatu, Agosti 18, sehemu kubwa ya umati ikiwa imeshaondoka, Jimi Hendrix alipanda jukwaani, akaupiga wimbo wa taifa la Marekani bila kutamka neno. Nyuzi zikalia kama ving'ora, zikanguruma kama mabomu. Hendrix mwenyewe aliwahi kuwa askari wa miavuli, na mwaka huo pekee zaidi ya Wamarekani 11,000 walikufa katika vita vya Vietnam. Sijasikia hotuba ya kupinga vita iliyonichoma kama dakika zile chache.

Lakini gitaa lile lilihitaji mahali pa kulilia. Mwezi mmoja tu kabla, mji wa Wallkill ulikuwa umewanyima waandaaji kibali. Yasgur akawakodisha shamba lake. Alikuwa mtu wa chama cha Republican, wala hakuwa wa kizazi cha nywele ndefu. Majirani wakaweka mabango kuwataka watu wasinunue maziwa yake. Hakurudi nyuma. Kweli, alilipwa kwa shamba. Kwa maji hakulipwa na mtu.

Tiketi ya siku tatu iliuzwa dola 18 kwa waliowahi, 24 kwa wa mlangoni. Walipofika watu zaidi ya 400,000, uzio ukiwa haujakamilika, hapakuwa na njia ila kutangaza kwamba kiingilio ni bure. Magari yakaziba barabara, wasanii wakaletwa kwa helikopta. Richie Havens alifungua tamasha kwa kuwa ndiye aliyekuwa tayari. Nyimbo zilipomwishia, akatunga mwingine palepale jukwaani. Santana walipiga kabla albamu yao ya kwanza haijatoka. Jumapili mvua ikageuza shamba kuwa tope. Chakula kilipopungua, wenyeji wa wilaya ile, baadhi yao wakiwa hawakulitaka tamasha, walichanga mikate na mayai.

Waandaaji walibaki na deni la zaidi ya dola milioni moja. Kilichowaokoa ni filamu ya Michael Wadleigh ya 1970, iliyoshinda Oscar. Ndiyo iliyoifikisha Woodstock kwa mamilioni ambao hawakukanyaga tope lile. Ndiyo pia iliyowaonyesha wafanyabiashara kwamba umati ule ungeweza kuwa mtaji.

Julai 1999 jina lilelile lilirudi, Michael Lang akiwa tena miongoni mwa waandaaji. Safari hii watu waliwekwa kwenye kituo cha zamani cha jeshi la anga huko Rome, New York, juu ya lami, jua likiwaka. Chupa moja ya maji iliuzwa dola 4. Wanawake walidhalilishwa kingono ndani ya umati. Usiku wa mwisho watu walichoma moto na kupora. Wako wanaolaumu muziki mkali wa bendi za siku zile. Mimi nawalaumu waliotafuta faida kwenye kiu ya watu.

Yasgur hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 53. Mwaka 2017 uwanja wa tamasha uliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na mteremko walioukalia wale vijana bado ni wa majani.

Ombi langu kwa wanaoandaa matamasha ya wazi, popote walipo: wekeni mabomba ya maji ya bure, mengi na karibu na watu, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.