Wavulana wa Mama Mmoja

Msomaji, je, umepata kuona nyumba ambamo wavulana wanaugua siku zote, lakini dada zao ni wazima? Mtoto wa kiume azaliwa vizuri, anyonya, anenepa. Akipita miezi sita hivi, masikio yaanza kutoa usaha. Kisha ashikwa na nimonia. Apewa dawa, apona. Baada ya siku chache augua tena. Pengine mjomba wake naye alikufa hivyo hivyo angali mdogo. Ndipo majirani wanaanza kunong'ona: "Mama huyu anakula watoto wake."

Ndugu, usiseme neno hilo. Sikiliza kwanza.

Mwaka 1952 munganga wa jeshi la Marekani, jina lake Ogden Bruton, alitoa habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua vibaya mara nyingi. Alipopima damu yake, aliona imekosa gamaglobulini, yaani silaha za mwili za kupigana na vijidudu. Akampiga sindano za gamaglobulini iliyotoka katika damu ya watu wenye afya, na mtoto akapata nafuu.

Upungufu huu watoka wapi? Mwili wa kila mtu una maagizo madogo sana, yaitwayo jeni, aliyopokea kwa baba na mama. Mwaka 1993 wataalamu waliipata jeni ambayo, ikiwa na kosa, mwili hauwezi kutengeneza silaha hizo. Mwanamke anazo mbili za namna hiyo. Moja ikiwa na kosa, ya pili yatosha, naye haugui. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na kosa, hana nyingine.

Ni kama mama ameshika mbegu mbili mkononi, moja nzima na moja mbovu, naye atoa moja bila kuangalia. Kila mvulana aweza kupata nzima au mbovu, sawasawa. Kila binti vilevile, naye akipata mbovu haugui, lakini aweza kuwapa wanawe. Mama hachagui. Hakuna mchawi hapa, wala ugonjwa huu hauambukizi. Mara nyingine kosa huanza kwa mtoto mwenyewe, na jeni za mama ni nzima.

Basi, kupima ni nini? Kwanza munganga huuliza habari za jamaa, maana watoto wengi huugua mara kwa mara kwa sababu nyingine, kama njaa au UKIMWI. Kisha hupima gamaglobulini na chembe za damu. Mwisho, damu kidogo huweza kupelekwa kwenye maabara kubwa, ambako jeni yenyewe husomwa herufi kwa herufi. Kipimo hiki si cha kila hospitali, lakini vile vya kwanza huonyesha mengi.

Faida zake ni hizi:

1. Mtoto mgonjwa ajulikana, apate gamaglobulini maisha yake yote, na dawa za vijidudu upesi akipata homa.

2. Mdogo wake wa kiume apimwa mapema, kabla mapafu hayajaharibika.

3. Mtoto mwenye upungufu huu asipewe matone ya polio, kwa kuwa yana vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Watoto wengine wenye afya wapewe chanjo zao bila hofu.

4. Dada zake wakiwa wakubwa waweza kujua hali yao kabla ya kuzaa.

Wewe baba, usimfukuze mke wako. Mpeleke mtoto hospitalini, na mfuatane wote wawili. Wewe mama, usione haya. Munganga akikuuliza habari za jamaa yako, usimfiche wafu wako. Mwambie wazi: "Kaka yangu alikufa hivi, na mtoto wa dada yangu pia." Neno hilo laweza kumwokoa mtoto uliyembeba mgongoni.