Endoskopia ya Tumbo: Kipimo Kinavyofanywa na Kinachoweza Kugunduliwa

Maumivu ya juu ya kitovu, kiungulia kisichokoma na chakula kukwama kifuani ni dalili zinazoshirikiwa na magonjwa mengi, na ndiyo sababu mtu huweza kumeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa bila kujua kama ana kidonda kweli, uvimbe wa saratani au michubuko ya asidi tu. Endoskopia, ambayo wagonjwa wengi huiita kipimo cha kamera, humwondolea daktari haja ya kubahatisha, kwa kuwa humwezesha kuona kwa macho umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni, pamoja na mfuko wa tumbo na duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba.

Mwaka 1868 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alilichungulia tumbo la mtu aliyezoea kumeza panga katika maonyesho, kwa sababu bomba la wakati huo lilikuwa la chuma lisilopinda. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1957, pale Basil Hirschowitz alipoonyesha nchini Marekani kifaa chenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga huku zikipinda. Mrija wa leo una unene wa takriban sentimita 1, na nchani mwake una taa, kamera ndogo na tundu la kupitishia maji, hewa na vifaa vya tiba.

Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa asile kwa saa 6 au zaidi kabla ya kipimo, kwani chakula kilichobaki tumboni huziba mwonekano na kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Humpasa pia kumweleza daktari kuhusu mzio, ujauzito, kisukari na dawa anazotumia, hasa zinazozuia damu kuganda, ambazo hazifai kuachwa bila ushauri. Omeprazoli na dawa za jamii yake mara nyingi husimamishwa wiki 2 kabla, kwa sababu zinaweza kuwaficha bakteria wa vidonda vya tumbo wanaotafutwa.

Katika chumba cha kipimo, koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na baadhi ya wagonjwa huchomwa sindano ya kuwatuliza inayoleta usingizi mwepesi. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, akauma kikinga cha plastiki kinacholinda meno na mrija, kisha huombwa kumeza mrija unapofika kooni. Kichefuchefu na tumbo kujaa hewa ni mambo ya kawaida, lakini njia ya pumzi haizibwi, na kupumua taratibu kwa pua hurahisisha zoezi ambalo mara nyingi humalizika ndani ya dakika 15.

Daktari anaweza kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo sana cha ukuta wa tumbo, bila mgonjwa kuhisi maumivu, ili kipimwe kama kina saratani au bakteria aina ya Helikobakta pailori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo na mchango wake katika vidonda vya tumbo, ambavyo sasa hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa za kupunguza asidi.

Kwa Afrika Mashariki kipimo hiki kina uzito wa pekee. Kichocho cha tumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, huharibu mishipa ya ini na kufanya vena za umio zivimbe hadi kupasuka, na kwa endoskopia vena hizo hufungwa kwa vipete vya mpira. Aidha, saratani ya umio imekithiri katika ukanda unaotoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati hata uji haupiti.

Baada ya kipimo, mgonjwa husubiri ganzi iishe kabla ya kula au kunywa, na aliyechomwa sindano ya kutuliza hapaswi kuendesha gari kwa saa 24. Kutoboka au kutokwa damu nyingi hutokea kwa nadra, ila maumivu makali, homa au kutapika damu humlazimu kurudi hospitalini mara moja. Kila anayepata shida ya kumeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asiendelee kujitibu kwa dawa za dukani, bali awahi hospitali, kwa maana ugonjwa ulioonekana mapema ndio wenye nafasi kubwa ya kutibika.