Paka shume wazee wa Kanzenze na vita vya sumu ya panya

UKIPITA barabara kuu ya lami kutoka Musanze kwenda Gisenyi, kabla hujaanza kuteremka kuelekea Mahoko, unakatiza nchi ya baridi yenye mawe meusi. Hiyo ndiyo Kanzenze, wilayani Rubavu. Mawe hayo tunayaita makoro. Ni uji wa moto wa volkano uliopoa zamani, na leo yamejengewa misingi ya nyumba na kuzungushiwa mashamba ya viazi. Ndani ya nyufa za kuta hizo ndimo wanamozaliwa paka shume wa huku kwetu.

Paka shume si paka wa porini wa asili. Ni paka wa kawaida, wa ukoo uleule wa paka wa jikoni, ila amezaliwa nje bila mkono wa mtu. Wanaojua wanyama wanasema kitoto cha paka huzoea watu katika wiki chache tu za mwanzo, kuanzia ya pili hadi ya saba au ya tisa hivi. Dirisha hilo likifungwa, atamwogopa binadamu kama anavyomwogopa mbwa. Unaweza kumlisha miaka kumi, na siku utakayomnyoshea mkono atakutoboa.

Mimi ninao sita wa namna hiyo, wote wazee. Majirani wananiita Mama Njangwe, na wateja wangu wa upande wa Goma wananiita Mama Paka. Biashara yangu ni viazi na maharagwe, na kwetu tulirudi mwaka 1995 kutoka Masisi tukiwa na ng'ombe wachache. Nayasema haya ili msomaji asidhani anasoma habari za mtu mwenye fedha za kuchezea.

Wengi wa paka hawa walianza kuja mwaka 2012. Mwaka huo vita vya M23 upande wa Kongo vilileta wakimbizi wengi katika kituo cha Nkamira, ambacho kiko hapahapa Kanzenze. Palipo na watu wengi pana chakula, na palipo na chakula pana panya, na paka huwafuata. Wakimbizi walipohamishiwa kambi za mbali kama Kigeme, na baadaye Mugombwa iliyofunguliwa mwaka 2014, paka hawakupanda malori. Walitawanyika, na ghala langu la viazi likawapendeza. Mmoja tu alikuja kwa njia nyingine. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yakaendelea siku nyingi baadaye, watu wa Goma walimiminika upande huu. Familia moja iliyopita hapa ilikuwa na paka ndani ya kikapu cha soko. Mama wa familia aliniomba, "Dada, tushikie huyu mpaka hali itulie." Hali ilitulia, nao hawakurudi. Paka huyo jina lake ni Kikapu.

Paka wa miaka 15 hulinganishwa na mtu wa miaka 76 hivi. Sita hawa siwezi kuapa juu ya umri wao, lakini wawili walikuwa watu wazima tayari mwaka 2012, kwa hiyo msomaji apige hesabu mwenyewe.

Ninaamka saa kumi alfajiri. Kabla sijafunga magunia ninaweka jiko la mkaa, kwa sababu paka mzee hateswi na kitu kama baridi, na Kanzenze iko juu ya mita 2,000. Ninachofanya ni kuweka mawe mawili ya koro pembeni mwa moto. Yakipata joto, ninayafunga katika gunia kuukuu na kuyaingiza ndani ya sanduku lao. Jiwe la volkano halipoi haraka. Viungo vyao vimekakamaa, na yule dume mkubwa, Mzee Koro, ambaye zamani aliruka juu ya paa bila kukimbia kwanza, sasa anahitaji tofali la kukanyagia ili aingie sandukuni.

Chakula chao ni sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha watu wa Gisenyi na Goma, pamoja na paka wangu. Ninawachemsha mpaka mifupa ilainike, kwa maana wanne kati ya sita wamebaki na meno ya kuhesabu. Wale waliokaushwa kwa chumvi ninawaloweka usiku kucha na kumwaga maji. Siku nyingine ninapata mapafu ya ng'ombe buchani, ninayakata vipande kama vya mtoto mchanga. Kitunguu na kitunguu saumu havigusi sufuria yao, kwani vinaharibu damu ya paka. Na maziwa, jambo ambalo wafugaji wenzangu wa Kanzenze hawataki kulisikia, si chakula cha paka mkubwa. Wengi wao tumbo haliwezi kuyasaga, wanaharisha. Paka anataka nyama na maji.

Maji hasa. Ugonjwa unaowamaliza paka wazee ni wa figo. Utaona paka anakunywa mno na kukojoa mno, anakonda mgongoni, na kinywa kinanuka. Figo zilizokufa hazirudi. Unaloweza kufanya ni kumpa chakula laini chenye maji mengi, na kuweka bakuli la maji kila pembe ya nyumba, asilazimike kutembea kulitafuta. Paka wa kilo nne anahitaji kiasi cha robo lita kwa siku kasoro kidogo, pamoja na yaliyomo katika chakula. Mimi natumia chupa ndogo ya soda kupimia.

Kikapu haoni. Alilala akiona, akaamka akigonga ukuta. Daktari wa mifugo aliyekuja kumtazama ng'ombe wa jirani alimulika macho yake na tochi, akaniambia kwamba katika paka wazee upofu wa ghafla mara nyingi hutokana na shinikizo la damu, ambalo nalo hufuatana na figo mbovu. Tangu siku hiyo magunia yangu hayahamishwi ovyo. Kila gunia lina mahali pake, na vijana wanaopakia wanajua kwamba njia kutoka jikoni hadi mlangoni ni ya Kikapu. Mwingine ni kiziwi, huyo tunamwita kwa kupiga mguu sakafuni. Kucha zao ninazikata, maana mzee hazinoi tena na huzunguka zikachoma nyayo. Choo chao ni sanduku la mchanga mweusi wa volkano, ambao huku haununuliwi.

Cha ajabu ni kwamba uzee umefanya lile ambalo chakula hakikufanya. Mzee Koro hakuniruhusu kumgusa kwa zaidi ya miaka tisa. Sasa anakuja mwenyewe na kuegemea mguu wangu wakati ninaposhona magunia. Sijui kama ni mapenzi au ni joto la jiko, na sijamuuliza.

Majirani wanauliza swali lao, na ni swali la haki: paka asiyekamata panya ni wa nini? Panya ndiye adui wa kila mwenye ghala hapa. Anatafuna kiazi kimoja, na kilichotafunwa kinaoza na kuozesha wenzake, ukifika sokoni unapewa nusu bei. Paka wangu walipokuwa na nguvu walilinda ghala langu na ya majirani watatu bila malipo. Walipozeeka panya walirudi, na kwa panya ikaja sumu.

Sumu hiyo inauzwa kwenye masoko ya pande zote mbili za mpaka, ndani ya vikaratasi visivyo na jina. Zipo za namna mbili. Moja inaua upesi, mnyama anatoka udenda, anatetemeka, anakufa. Nyingine inazuia damu isigande, na hiyo ndiyo inayodanganya, kwa sababu panya haanguki siku hiyo. Anatembea siku kadhaa, amelegea, mchana kweupe. Paka mzee ambaye hawezi tena kumkimbiza panya mzima anakutana na huyo mlegevu na kudhani amerudi ujanani. Mwaka jana nilipoteza paka wa saba hivyo. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Dawa ipo, ni vitamini K1, lakini lazima itolewe mapema na kwa siku nyingi, na sisi tulijua baada ya muda kupita.

Sikuenda kugombana. Nilikwenda kwa jirani yangu jioni, tukakaa, nikamwambia, "Mzee, mjukuu wako anatambaa. Ile sumu umeiweka chini." Tukalizungumza hilo, paka akaja mwishoni. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi mama, panya watatula sisi?" Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulipandisha magunia juu ya mbao, yasiguse ukuta. Tukaziba matundu kwa makoro na saruji kidogo, kwa maana panya mdogo hupita tundu la upana wa kidole gumba. Tukanunua mitego ya chuma kwa mchango wa nyumba nne. Panya hawajaisha, nisidanganye, ila hasara imepungua kiasi cha mzee kuacha kununua vikaratasi. Nyumba ya tano, upande wa juu, bado inatumia sumu. Mwenye nyumba huyo anasema viazi vyake ni ada ya shule, na sina jibu la haraka kwake.

Kwa wenzangu wanaovuka kila siku Petite Barrière, niongeze machache. Ukinunua dawa Goma au Gisenyi, usimpe paka parasetamoli hata kipande, inamuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini nayo inamuua. Akikuparuza au kukung'ata paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mama mjamzito asisafishe choo cha paka, amwachie mwingine, nacho kisafishwe kila siku, maana vimelea vya toksoplasma huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza.

Siku za soko ninaporudi usiku, binti wa yule mzee, ambaye yuko darasa la tano, ndiye anayebaki na paka. Namlipa daftari na kalamu. Anawasha jiko, anapasha mawe, anampa Kikapu maji kwa chupa ileile ya soda. Wiki iliyopita nilimkuta ameandika kwa chokaa ukutani idadi ya chupa alizokunywa kila paka. Ya Mzee Koro imepanda kutoka moja hadi mbili.