Mabingwa wa Kudhibiti Sauti, Kuanzia Ubawa wa Nondo

Kelele zikizidi, ushauri wa kawaida ni kuongeza unene wa ukuta. Ukuta mnene unasaidia, ila ni ghali. Mabingwa wa orodha hii wamepita njia nyingine: vitu vingi vinapangwa pamoja, na mpangilio huo au mtikisiko wa kila kimoja ndio unaoamua sauti ipite, ikwame au ikusanyike mahali pamoja.

Mwembamba kuliko wote: ubawa wa nondo
Mshike nondo anayezunguka taa ya barazani Tengeru, Arusha, utabaki na unga vidoleni. Ni magamba, yaliyopangana ubawani kama vigae. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichunguza gamba la *Bunaea alcinoe*, nondo mkubwa anayepatikana Tanzania na sehemu nyingine nyingi za Afrika. Walikuta linatikisika kwa masafa yaleyale ya sauti ambayo popo hutumia kuwinda. Mwaka 2020 Bristol ikaonyesha kwamba magamba ya mbawa za nondo, yakishirikiana, hunyonya hadi asilimia 72 ya nguvu ya sauti kwenye kilohezi 78. Tabaka hilo ni jembamba mara 111 kuliko wimbi refu kabisa linalolinyonya. Mwangwi unamrudia popo ukiwa hafifu, nondo anapona.

Mkongwe: sanamu ya Madrid
Mwaka 1995 wanasayansi wa Hispania walipima sanamu ya msanii Eusebio Sempere, msitu wa mabomba ya chuma yaliyosimamishwa kwa mistari. Sauti ya takriban hezi 1,670 ilidhoofika sana ikipita katikati yake, ingawa kati ya bomba na bomba upepo unapita bila kizuizi.

Mlengaji hodari: makopo ya soda
Jijini Paris mwaka 2011, Taasisi ya Langevin ilipanga makopo ya soda na kuyapigia sauti kwa spika. Kila kopo liliitikia, na sauti ikakusanyika kwenye doa dogo mara 25 kuliko urefu wa wimbi lenyewe.

Mkubwa kuliko wote hapa: shamba la miti
Mwaka 2016, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kanuni hiyo ilijaribiwa kwa mitikisiko ya ardhi: vipima-mtikisiko takriban 1,000 vilitegwa ndani na kando ya shamba la misindano. Mawimbi ya ardhini ya masafa fulani, makumi ya hezi, yalikwama miongoni mwa miti. Mawimbi ya tetemeko yanayobomoa nyumba huwa na masafa ya chini zaidi, hivyo msitu wa aina hiyo si kinga ya tetemeko. Hata hivyo, Shamba la Miti Meru, hapa Arusha, lina mistari ya miti ya kufanyia jaribio kama hilo.

Arusha ina mashine za kusaga, baa na nyumba za ibada katikati ya makazi. Taasisi ya Nelson Mandela, inayofundisha sayansi ya nyenzo, iko Tengeru, chini ya Mlima Meru. Makopo tunayatupa na nondo wanakuja taani kila usiku. Utafiti wa ukuta mwepesi wa kuzuia kelele unaweza kuanzia hapa hapa.