Mwitiko wa Mimea kwa Vichocheo

Mmea hauna neva wala misuli, lakini huitikia mwanga, mvutano wa dunia, mguso na kemikali. Ukipewa swali, jiulize kwanza: je, upande kinakotoka kichocheo ndio unaoamua mwelekeo wa mwitiko?

1. Tropizimu
Hapa jibu ni ndiyo. Otesha maharage kwenye kopo karibu na dirisha. Baada ya siku chache mashina yatapinda kuelekea mwanga. Homoni ya oksini, inayotengenezwa kwenye ncha ya shina, hujikusanya upande wenye kivuli. Seli za upande huo hurefuka zaidi. Ukililaza kopo, oksini hujikusanya upande wa chini: shina hupinda kwenda juu, lakini mzizi hupinda kwenda chini, kwa kuwa kwenye mzizi oksini nyingi huzuia seli kurefuka. Watahiniwa wengi hukosa alama hapo.

2. Nastia
Hapa jibu ni hapana. Gusa jani la kifauongo kutoka upande wowote, litafumba namna ileile. Seli za kwenye kifundo cha jani hupoteza maji ghafla; zikiyarudisha, jani hufunguka tena. Hakuna ukuaji uliotokea.

Swali la mfano
Mkulima wa Nyahanga, Kahama, alipanda mtama mfululizo, shamba likajaa kiduha. Jirani yake alipokezanisha mtama na pamba, kiduha kikapungua. Eleza sababu. (Alama 4)

Jibu
(i) Mbegu za kiduha hukaa ardhini miaka mingi bila kuota, hadi zipate kemikali inayotolewa na mizizi ya mmea mwingine.
(ii) Mizizi ya mtama hutoa kemikali hiyo. Kiduha huota, hujishikiza kwenye mizizi na kunyonya maji na virutubisho.
(iii) Mizizi ya pamba nayo hutoa kemikali ya aina hiyo, hivyo mbegu za kiduha huota.
(iv) Kiduha hakiwezi kuinyonya pamba. Miche yake hufa kwa kukosa chakula, na mbegu zilizobaki ardhini hupungua.

Zingatia: kuota huko si tropizimu, kwani mbegu haikupinda kuelekea upande wowote.

Tahadhari
Usiandike "mmea unapenda mwanga." Taja kichocheo, homoni, badiliko la seli, kisha faida kwa mmea.