Safari ya Nairobi: koti la jioni lisisahaulike

Mfanyabiashara wa Arua au Koboko anayekwenda Nairobi mwezi Julai huacha joto nyumbani. Arua ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Basi la usiku likishavuka Malaba hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Wengi hubeba shati jepesi tu ili mkoba ubaki na nafasi ya bidhaa. Lakini maafikiano mengine hufanyika jioni, wakati wa chakula, na anayetetemeka hukubali bei upesi ili aondoke. Koti moja jeusi la sufu, pamoja na suruali nadhifu au gauni la mikono mirefu, hufaa basini na mezani. Atafute kwenye mitumba ya Arua kabla ya kuondoka: penye joto, makoti mazito hayagombewi.